Jinsi ya Kuomba kwa Kicho: Mwongozo Kamili wa Kumkaribia Mungu Mtakatifu

Nitaombaje kwa kicho mbele za Mungu mtakatifu? Swali hili limekuwa likinirudia kwa sura tofauti. Mmoja anasema, "Naomba kila siku, lakini ni kama naongea na ukuta." Mwingine anakiri kwamba husema "Baba yetu uliye mbinguni" huku akiwaza nguo alizoanika nje. Wa tatu ameacha kabisa kuomba, kwa sababu alisoma mahali kwamba Mungu ni moto ulao, akaogopa, akaona heri akae mbali.

Kwa nje hawafanani, lakini wote wamekwama mahali pamoja, napo ni mlangoni. Mdomo umefunguka kabla moyo haujatambua uko mbele ya nani, au moyo umetambua nusu tu ukakimbia.

Mwongozo huu ni wa jambo hilo peke yake. Haukufundishi kuomba kwa saa nyingi, wala kwa sauti kubwa, wala kwa maneno mazito. Unakuonyesha namna ya kuingia mbele za Mungu ukijua kuwa ni mtakatifu, ukae hapo bila kutoroka, kisha useme haja zako ukiwa bado unalijua hilo.

Nitatumia sana neno kicho, yaani heshima kuu mbele za Mungu, kwa hiyo tulielewe kwanza. Mwoga hukimbia. Mwenye kicho hukaribia, ila anavua viatu kwanza. Waraka kwa Waebrania unatuambia tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri (4:16), na waraka huo huo unatutaka tumtolee Mungu ibada "pamoja na unyenyekevu na kicho" (12:28). Hodi yako imeshaitikiwa, tena kwa damu ya Kristo. Lakini mgeni aliyeambiwa karibu hapandi na matope hadi chumbani.

## Vitu vya kuandaa

- Biblia. Ya karatasi ni bora kwa kazi hii, kwa sababu haitakuletea ujumbe wa mtu katikati ya Isaya.
- Daftari na kalamu. Bila daftari, Hatua ya 6 itakuwa nusu.
- Mahali ambapo hutaingiliwa. Hata pembeni mwa kitanda panatosha, mradi mlango unafungika au wenzako wanajua usiguswe.
- Dakika 25 hadi 30. Ukishazoea utatumia pungufu, lakini wiki mbili za mwanzo usipunguze.
- Simu iwe chumba kingine. Ukiipindua kifudifudi tu mezani, bado utaisikia moyoni.
- Jina la mtu ambaye hamko sawa, kama yupo. Liandike kwenye daftari kabla hujaanza. Utaliona umuhimu wake sasa hivi.

## Hatua ya 1: Maliza lililo nje kabla ya kuingia

Yesu alisema mtu akileta sadaka madhabahuni, akakumbuka hapo kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale pale, akapatane naye kwanza, ndipo arudi (Mathayo 5:23-24). Angalia mpangilio: huyo mtu ameshafika madhabahuni, na bado anarudishwa.

Kwa hiyo tazama lile jina uliloliandika. Kama unaweza kumpigia au kumwandikia sasa, fanya hivyo ndipo uendelee. Kama haiwezekani leo, andika pembeni ya jina siku utakayomtafuta, siku halisi yenye tarehe.

Sababu: Huwezi kumheshimu Mungu huku unamdharau mtu aliyeumbwa kwa mfano wake. Moyo utajaribu kutenganisha mambo hayo mawili, lakini Mungu hayatenganishi.

Tahadhari: Usigeuze hatua hii kuwa kisingizio cha kuahirisha maombi wiki nzima eti bado hujapatana. Na kama mtu huyo alikuumiza kiasi kwamba kumkaribia ni hatari, hulazimiki kumfuata. Kumsamehe mbele za Mungu unaweza ukiwa hapo ulipo, na Marko 11:25 inazungumzia mtu aliyesimama akiomba.

## Hatua ya 2: Nyamaza dakika tatu

Keti au simama. Usiseme chochote, wala usiombe kimoyomoyo. Usiweke muziki.

Hapa ndipo wengi hushindwa, nami nawaelewa. Dakika tatu za kimya ni ndefu kupita unavyodhani. Dakika ya kwanza utakumbuka deni, ya pili utasikia mguu unawasha, ya tatu utataka kutazama saa. Kaa. Mawazo yakija usipigane nayo, yaache yapite kama magari barabarani, kisha rudi kwenye jambo moja: Mungu yupo hapa, na mimi nipo mbele zake.

Sababu: Kitabu cha Mhubiri kinasema usiwe na haraka kunena mbele za Mungu, "kwa maana Mungu yuko mbinguni, na wewe upo chini, kwa hiyo maneno yako na yawe machache" (5:2). Habakuki naye anaitaka dunia yote inyamaze mbele za Bwana aliye katika hekalu lake takatifu (2:20). Anayeanza na maneno huwa anayaleta yale aliyokuja nayo kutoka mtaani. Kimya kinayapa nafasi ya kutulia chini, kama tope kwenye ndoo ya maji.

Dalili kwamba imefaulu: Pumzi imeshuka, na haja uliyokuja nayo bado ipo lakini haikusukumi tena. Usingoje kujisikia vya ajabu.

## Hatua ya 3: Soma andiko linalomwonyesha Mungu mwenyewe

Fungua sehemu moja tu kati ya hizi, usome polepole mara mbili, mara ya pili kwa sauti:

- Isaya 6:1-8
- Kutoka 3:1-6
- Zaburi 99, inayosema "mtakatifu" mara tatu kama kiitikio
- Ufunuo 4
- Ayubu 38

Nimechagua sehemu ambazo ndani yake wewe si mhusika mkuu. Tumezoea kusoma Biblia tukitafuta neno la kututia moyo leo, na hakuna ubaya. Lakini kwa kazi hii, mtu anayejitafuta kwenye kila mstari hatamwona Mungu.

Siku ya kwanza anza na Isaya 6, tuisome pamoja taratibu.

Ni mwaka aliokufa mfalme Uzia. Kiti cha enzi cha nchi ni kitupu, na Isaya anaona kiti kingine kilicho juu sana, ambacho hakijawahi kuwa kitupu. Maserafi, viumbe wa mbinguni, wamesimama, kila mmoja ana mabawa sita. Mawili anafunika uso, mawili anafunika miguu, mawili anaruka. Hesabu vizuri: mabawa manne ni ya kujisitiri mbele za Mungu, mawili tu ndiyo ya kwenda kazini. Nao ni viumbe ambavyo hatuambiwi popote katika sura hiyo kwamba vilikosa lolote.

Wanaitikiana: "Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu." Kiebrania hurudia neno ili kulitia nguvu, jambo ambalo sisi wenye kusema "polepole" na "mbalimbali" tunalielewa bila kuelezwa. Hapa wamerudia hadi mara tatu. Utakatifu wa Mungu si usafi wetu uliozidishwa. Yeye ni wa namna yake peke yake, ametengwa na vyote alivyoviumba, na mbele yake hata kilicho safi hujifunika uso.

Tahadhari: Usisome sehemu tatu kwa siku moja ukidhani utapata kicho mara tatu. Moja inatosha, na unaweza kubaki nayo wiki nzima.

Dalili kwamba imefaulu: Ukifunga Biblia, unaweza kusema kwa sentensi moja jambo ulilomwona Mungu alivyo. Liandike. Kama sentensi yako inaanza na "mimi", rudia kusoma.

## Hatua ya 4: Weka mwili wako upande wa maneno yako

Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku (Danieli 6:10). Sulemani alipiga magoti na kunyosha mikono mbinguni. Mtoza ushuru katika mfano wa Yesu alisimama mbali, hakuthubutu kuinua macho. Yesu kule Gethsemane alianguka kifulifuli. Hakuna mkao mmoja ulioamriwa, kwa hiyo chagua ambao mwili wako unauweza na ambao moyo wako utauelewa kuwa ni wa heshima.

Mwenye magoti mabovu aketi wima na kuweka mikono wazi juu ya mapaja. Mgonjwa aombe akiwa amelala. Nisichokushauri ni kuomba umejinyoosha kitandani ukiwa mzima wa afya, mto chini ya shingo, kisha ushangae kwa nini unasinzia.

## Hatua ya 5: Taja jina moja, kisha kaa nalo

Sasa ndipo unafungua mdomo. Neno la kwanza ndilo nitakalolizungumzia kwa urefu, kwa sababu ndilo tunaloliharibu zaidi.

Niliwahi kujirekodi kwa simu nikiongoza maombi, nikitaka kusikia ninavyosikika. Ilikuwa sala ya dakika tano hivi. Nilipoisikiliza nikaanza kuhesabu neno "Bwana", na nilipofika 40 nikaacha. "Bwana tunaomba Bwana utusaidie Bwana kwa maana Bwana wewe Bwana..." Jina lile nililitumia kama mtu anavyosema "yaani" au "eee" anapotafuta neno linalofuata. Nilikaa na ile simu mkononi nikiwa nimeishiwa nguvu. Amri inasema tusilitaje bure jina la Bwana (Kutoka 20:7), na mimi nilidhani inawahusu wanaoapa uongo na wanaotukana. Kumbe nilikuwa nikiivunja nikiwa nimepiga magoti.

Basi fanya hivi:

1. Chagua jina au sifa moja ya Mungu inayolingana na ulichosoma au na haja uliyo nayo. Yesu alisali "Baba mtakatifu" (Yohana 17:11). Hajiri, akiwa peke yake jangwani, alimwita Mungu anayemwona (Mwanzo 16:13). Kanisa lilipotishwa na wakuu lilianza kwa kumwita Mola aliyefanya mbingu na nchi na bahari (Matendo 4:24).
2. Litamke mara moja. Nyamaza muda wa pumzi mbili.
3. Sema kwa nini unamwita hivyo. Sentensi mbili au tatu zinatosha: "Baba mtakatifu. Hakuna baya lililowahi kupita moyoni mwako. Nami umeniruhusu nikuite Baba."
4. Tangu hapo, usilitaje jina tena mpaka uwe na sababu ya kulitaja.

Kipengele cha nne kitakusumbua. Utaona mashimo ya ukimya katikati ya sala, mahali ambapo zamani ulijaza "Bwana". Yaache yawe mashimo.

Nani ametuwekea mpangilio huu? Ni Yesu, katika sala aliyowafundisha wanafunzi. "Baba yetu uliye mbinguni" hushika ukaribu na ukuu kwa pumzi moja. Ukibaki na "Baba" peke yake utaishia kumzoea kama rika lako. Ukibaki na "mbinguni" peke yake utaishia kumwogopa kama mtawala wa mbali. Kisha ombi la kwanza kabisa, kabla ya mkate, kabla ya msamaha, ni "Jina lako litukuzwe". Neno la Kigiriki lililotumika hapo limetokana na lile lile la "takatifu": jina lako lihesabiwe takatifu, litendewe kama jina takatifu. Anayelitamka ombi hilo anaomba lianze kutimia kwenye kinywa chake mwenyewe.

Tahadhari: Usibadilishe sauti. Watu wengine wakianza kuomba hupata sauti ambayo hawaitumii popote pengine, nzito, yenye kutetemeka. Mungu anaijua sauti yako ya kawaida. Vivyo hivyo kwa maneno makubwa: Yesu alikataza kupayuka-payuka, akiwataja wanaodhani watasikiwa kwa wingi wa maneno yao (Mathayo 6:7).

Dalili kwamba imefaulu: Unaweza kukumbuka umemwita Mungu kwa jina gani na kwa sababu gani. Nusu saa baadaye bado unakumbuka.

## Hatua ya 6: Ungama kwa kutaja

Isaya hakusema "mimi ni mwenye dhambi" halafu akanyamaza. Alisema ana midomo michafu. Nabii, mtu ambaye kazi yake yote ni midomo, alitaja chombo chake cha kazi. Na kaa la moto lilipokuja liligusa pale pale alipopataja, si mkono, si kifua. Ndiyo maana nasema taja.

Andika kwenye daftari, kwa ufupi, yale ambayo Hatua ya 3 imeyafichua. Chini ya mwanga wa utakatifu mambo huonekana ambayo kwenye giza la kawaida hukuyaona. Andika kama shahidi anavyoandika maelezo: nilichosema, nilimwambia nani. "Nisamehe hasira zangu" ni rahisi kutamka na haimgusi mtu. "Jana nilimwita mwanangu mjinga mbele ya wageni" inachoma, na hapo ndipo kaa linapotua.

Sasa soma tena Isaya 6:6-7, sehemu ambayo watu wenye hofu huiruka. Isaya hakwenda madhabahuni kujisafisha. Serafi ndiye aliyeruka kumjia. Na kaa lenyewe, serafi alilitwaa kwa makoleo. Kile ambacho malaika alikishika kwa makoleo kiligusishwa kwenye midomo ya mtu, na yule mtu hakuungua. Akaambiwa uovu wake umeondolewa.

Wewe unayeogopa kuomba, ni wewe ninayekusemesha hapa. Utakatifu wa Mungu, kwa yule anayeungama, huja na kaa la kusafisha. Kwetu madhabahu ni msalaba wa Kristo, na sadaka imeshatolewa mara moja. Ukimaliza kuungama, chora mstari mmoja juu ya ulichoandika na usome kwa sauti 1 Yohana 1:9. Ukurasa huo uchane, uharibu. Usiuhifadhi.

Tahadhari tatu:

Usiungame dhambi za wengine. "Nisamehe kwa kumkasirikia mke wangu, maana na yeye..." Weka nukta kabla ya "maana".

Usibaki hapa siku nzima. Kuna watu hujichapa kwa maneno wakidhani ndiyo unyenyekevu. Mtoza ushuru alisema sentensi moja tu, akarudi nyumbani amehesabiwa haki.

Usiungame ukiwa umepanga kurudia jioni. Kama ndivyo ilivyo, liseme hilo lenyewe: "Bado nalipenda. Nisaidie nisilipende." Hiyo ni sala ya kweli kuliko machozi ya kuigiza.

Dalili kwamba imefaulu: Unajisikia mdogo na salama kwa pamoja. Kama unajisikia mdogo tu, rudi kwenye makoleo. Kama unajisikia salama tu, huenda hukutaja chochote.

## Hatua ya 7: Leta haja zako, ukiziweka chini ya Jina

Wengine wakifika hapa huona aibu kuomba vitu, eti baada ya kumwona Mungu alivyo mkuu, nitamwambiaje habari ya ada? Mwambie. Ibrahimu alijiita mavumbi na majivu (Mwanzo 18:27), na katika mazungumzo hayo hayo aliomba mara sita kwa ajili ya mji wa Sodoma, akishuka kutoka watu 50 hadi 10. Kicho hakikumfunga mdomo. Kilimpa namna ya kuomba.

Gawa ukurasa wa daftari kwa mstari katikati. Kushoto andika haja kama ilivyo moyoni, bila kuipamba. Kulia iandike upya ukijiuliza: jambo hili likitokea au lisipotokea, jina la Mungu litatendewaje kupitia kwangu?

Mfano, kushoto: *Nipe kazi haraka, nimechoka.*

Kulia: *Baba, unajua haja yangu kabla sijakuomba. Miezi sita sina kazi, naogopa kodi ya nyumba. Naomba kazi. Nisiipate kwa uongo, watu wasije wakakudharau kwa ajili yangu. Na ikichelewa, unishike nisikulaumu.*

Ona kwamba haja haikupungua. Kazi bado inaombwa waziwazi, na hofu ya kodi imetajwa. Kilichobadilika ni kwamba Mungu si mhudumu wa dirishani tena. Mfano mzuri wa ombi la namna hii ni la Aguri katika Mithali 30:8-9. Anaomba asipewe umaskini wala utajiri, na sababu anayoitoa ni Mungu mwenyewe: nisije nikashiba nikamkana, au nikaiba na kulitaja bure jina lake.

Tahadhari: Nitasema wazi ninavyoona. Lugha ya kumwamuru Mungu, kumpa tarehe ya mwisho, au kumwambia "lazima", haina nafasi mbele ya kiti alichokiona Isaya. Najua wengi huiita imani. Lakini Mwana mwenyewe, aliyekuwa na haki kuliko sisi sote, alimalizia kwa kusema "si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe" (Mathayo 26:39). Lia, sihi, rudia ombi kila siku kama yule mjane msumbufu katika mfano wa Yesu. Kuamuru usiamuru.

Dalili kwamba imefaulu: Ukisoma upande wa kulia unaweza kusema Amina hata kama jibu litakuwa "subiri".

## Hatua ya 8: Toka kama ulivyoingia

Usikurupuke. Sema "kwa jina la Yesu" polepole, ukikumbuka kwamba ndilo sababu pekee iliyokufikisha hapo, kisha Amina. Kaa dakika moja kimya. Isaya alipokwisha kusafishwa ndipo aliposikia swali, "Nimtume nani?", akajibu, "Mimi hapa, nitume mimi." Mara nyingi kuna jambo dogo la kutii ambalo huja katika dakika hiyo, na anayeruka kwenda kuchukua simu hulipoteza. Liandike, lifanye leo.

## Ukikwama

"Nimefuata hatua zote, sijisikii kitu." Hisia hazikuwa kwenye orodha ya vitu vya kuandaa. Angalia mwenendo: je, unalitaja jina la Mungu kwa uangalifu zaidi mchana? Je, umeomba radhi mahali? Kicho huonekana mapema kwenye ulimi kuliko kifuani.

"Hofu inanizidi, natetemeka, nataka kuacha." Acha kwa muda Ayubu 38 na Ufunuo 4. Wiki nzima soma Luka 5:1-11. Petro alimwambia Yesu aondoke kwake kwa kuwa yeye ni mwenye dhambi, na Yesu hakuondoka. Alimwambia asiogope. Kama hofu inakufuata hadi usingizini na kazini, zungumza na mchungaji au padre unayemwamini, na mweleze pia daktari.

"Nikiomba mbele ya watu, yote haya yanapotea." Punguza sala ya hadharani iwe nusu ya urefu uliozoea. Kabla ya kuanza, nyamaza kwa pumzi tatu hata kama watu wanasubiri. Chagua jina moja la Mungu kabla hujasimama. Na omba mtu mmoja mkweli akuhesabie unavyorudia "Bwana".

"Nataka kuwafundisha watoto." Anza na Hatua ya 2 na ya 5 tu, sekunde 20 za kimya na jina moja. Watoto huelewa haraka kuliko tunavyotarajia kwamba wapo mbele ya mtu mkubwa anayewapenda. Wanachohitaji ni kukuona na wewe umenyamaza kweli.

"Sina nusu saa. Naomba nikiwa safarini, nikiwa foleni, nikiwa na bosi mbele yangu." Nehemia, mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi, alijikuta hapo. Mfalme alimuuliza, una haja gani? Nehemia, akiwa ameogopa sana, akamwomba Mungu wa mbinguni, kisha akajibu (2:4-5). Sala hiyo ilitoshea kati ya swali na jibu. Ila rudi nyuma sura moja, utaikuta ile ndefu: siku kadhaa za kulia na kufunga, sala inayoanza kwa kumtukuza Mungu wa mbinguni, aliye mkuu, wa kuogofya, ikapita kwenye kuungama dhambi zake na za nyumba ya baba yake, na ombi lenyewe likaja katika mstari wa mwisho. Kati ya mwezi Kisleu, alipoanza kuomba, na mwezi Nisani, mfalme alipomuuliza, ilipita kama miezi minne. Fanya ile ndefu chumbani kwanza, wiki mbili bila kupunguza. Kisha ukiwa kwenye foleni, vuta pumzi, taja jina moja ulilokaa nalo asubuhi, nyamaza kidogo, useme haja yako.